Koti Lililopandishwa Cheo

Nchi yenyewe sitaitaja, maana ina haya na haipendi kutajwa mbele za watu. Nitasema tu kwamba ina mvua nzuri, mapapai matamu, na wizara nyingi kuliko mito. Niliishi humo kwa amani, na watu wake, hata wale wakubwa, walikuwa wema ukiwapata wakiwa peke yao.

Mwanangu Mbaruku alikuwa ofisa katika Wizara ya Subira. Kazi ya wizara hiyo ilikuwa kuhakikisha kwamba wananchi wanaisubiri serikali kwa utaratibu, bila kusukumana. Yeye alikuwa katika idara ya vibali vidogovidogo. Mtu akitaka kuezeka nyumba upya, kuchimba kisima, au kupiga ngoma ya harusi mpaka kuche, ilibidi apite kwake. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Ila aliondoka nyumbani gizani na kurudi gizani, na mjukuu wangu Tausi alimfahamu baba yake kwa kikohozi chake zaidi kuliko kwa sura.

Ofisini kwao palikuwa na desturi ya koti. Asubuhi ofisa anafika, anavua koti, anakivisha kiti, kisha anakwenda zake. Wengine huenda kunywa chai, wengine kuangalia shamba, na wengine huenda ofisi nyingine kuwasubiri watu ambao nao makoti yao yapo kwenye viti. Mwananchi akiuliza, tarishi wao, Mzee Pazi, humjibu kwa heshima, "Yupo. Koti lake si hilo hapo?" Mwananchi analitazama koti, anaridhika, anarudi kukaa kwenye benchi. Sikuwahi kusikia mtu aliyebisha.

Mwaka ninaousimulia, Tausi aliugua homa kali. Homa ikaondoka, lakini iliondoka na nguvu za miguu yake. Mama wa mazoezi kule hospitali, mwanamke mpole aliyekuwa akiipasha mikono yake joto kabla ya kumgusa mtoto, alituambia wazi, "Atatembea. Lakini kila siku, asubuhi na mchana na jioni, mtu mwenye nguvu amshike kiunoni amtembeze. Mkilegea, misuli nayo italegea, na baadaye haitatusikiliza tena."

Mtu mwenye nguvu atatoka wapi? Mimi mgongo wangu ulikwisha kustaafu. Mkwe wangu Kidawa alikuwa na kibanda chake cha vitenge sokoni, na kibanda hicho ndicho kilichotulisha kila mshahara wa serikali ulipopotea njia. Mbaruku alikuwa ofisini, yaani koti lake lilikuwa ofisini na yeye alikuwa karibu na hapo. Kwa hiyo Tausi alikaa mkekani, akitazama miguu yake kama mtu anayetazama wageni wasiotaka kuondoka.

Basi, Mungu si mchoyo. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alifanya ziara katika nchi moja ya mbali. Kila ofisi aliyokwenda aliambiwa mwenyeji wake hayupo, anafanya kazi nyumbani. Alikwenda kwa waziri, anafanya kazi nyumbani. Alikwenda kwa meya, anafanya kazi nyumbani. Mtu mwingine angehisi anakwepwa, lakini Mheshimiwa alikuwa na moyo safi. Alirudi amefurahi sana, akahutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimejionea maendeleo kwa macho yangu! Kuanzia kesho, nyumba ni ofisi na ofisi ni nyumba, na yeyote atakayechanganya mambo hayo mawili atachukuliwa hatua kali!"

Tukapiga makofi sebuleni.

Maelekezo yalifuata. Kila ofisa atafanya kazi kwake. Sebuleni pawe na picha ya Mheshimiwa, bendera ndogo, na benchi la kusubiria. Na ili majengo ya serikali yasionekane matupu, kila ofisa aache koti lake ofisini, kwenye kiti, likitazama mlango.

Mwanangu alilitii agizo kwa moyo wote. Siku ya kwanza aliamka, akavaa shati na tai, na chini akabaki na msuli, kwa kuwa simu ya mkutano haikufika huko chini. Akakaa nyuma ya meza yetu ya kulia chakula. Mke wake alipotoka jikoni na mwiko mkononi, Mbaruku akamwonyesha benchi.

"Karibu. Kaa hapo, utaitwa."

Kidawa akamtazama mumewe, akalitazama benchi. "Niitwe na nani?"

"Na ofisi."

"Baba Tausi, chumvi ipo nyuma yako, juu ya kabati. Nipe chumvi."

"Eleza shida yako kwa ufupi, halafu usubiri."

"Shida yangu mchuzi hauna chumvi. Na baada ya muda mfupi shida yako itakuwa huna mchuzi."

Kibali cha chumvi kilitoka papo hapo. Nadhani kilikuwa cha kwanza katika historia ya wizara kutoka kabla mwombaji hajakaa.

Mikutano nayo ilikuwa mingi. Asubuhi nzima nilikuwa nikisikia, "Mnanisikia?" Kisha sauti nyingine, "Hatukusikii." Kisha yule wa kwanza, "Mimi nawasikia mkisema hamnisikii." Waliendelea hivyo kwa adabu mpaka saa ya chakula, wakafunga kikao kwa sala. Siku moja jogoo wetu aliwika Katibu Mkuu alipokuwa akitoa hoja, na katika kumbukumbu za kikao ikaandikwa kwamba mjumbe mmoja alipinga kwa sauti. Kidawa alitaka kumchinja Jumapili ile, nikamwambia amwache, ndiye peke yake aliyesema kitu.

Tausi naye tulimweka kwenye benchi, maana kutoka pale alimwona baba yake vizuri. Alikaa akisubiri zamu yake. Alikuwa mtoto mvumilivu. Siku moja, baba yake akiwa katikati ya kikao kikubwa, aliona zamu imechelewa. Akajisukuma ashuke mwenyewe. Miguu haikumpokea, akaanguka kifudifudi mbele ya meza ya serikali.

Hakulia. Alisema tu, "Baba, samahani, sikuitwa."

Mbaruku aliiacha simu juu ya meza ikiongea peke yake. Akamwinua mwanawe, akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili, na hapo hapo, na tai yake na msuli wake, wakaanza kutembea. Meza mpaka mlangoni. Mlangoni mpaka kwangu. Kwangu mpaka mezani. Simu ilikuwa bado inasema. Mwisho wa kikao Katibu Mkuu alimshukuru Mbaruku kwa mchango wake mzito.

Tangu siku hiyo wakawa wanatembea. Asubuhi kabla ya mkutano, mchana wakati wa mkutano, jioni baada ya mkutano. Mwanangu, ambaye miaka yote sikujua kama anaweza kuimba, alikuwa akimwimbia Tausi majina ya vibali: kisima, paa, ngoma, kisima, paa, ngoma, na mguu ukienda kwa kila neno.

Sisemi mambo yote yalikuwa mazuri. Mwanamume akikaa nyumbani mchana kutwa huanza kuona vitu. Mbaruku aligundua kwamba tunatumia maji kufua, akashangaa. Alifunua sufuria kila baada ya muda, akisema anakagua. Tumbo lake likatoka mbele likawa linafika mezani kabla yake. Tena alikumbuka wenzake. Kuna siku nilimkuta amesimama dirishani akinywa chai kwa huzuni, nikamuuliza ana nini.

"Mama, ofisini kulikuwa na mtu wa kumlalamikia."

Nikamwambia, "Nilalamikie mimi, baba." Akajaribu, lakini hakuzoea, akaishia kunioshea vyombo.

Sasa nirudi kwenye makoti.

Katika nchi ile palikuwa na sheria moja ya zamani, iliyoitwa Sheria ya Kimya. Jambo likipelekwa mbele ya mkubwa naye akanyamaza, amekubali. Sheria hiyo ilianza barazani kwa Mheshimiwa mwenyewe. Alikuwa na kawaida ya kufumba macho baada ya chakula cha mchana, na kwa kuwa hakuna waziri aliyethubutu kusema kwamba amelala, mawaziri walikubaliana kuwa anatafakari na kwamba ameridhia. Akikoroma kidogo ilihesabiwa kuwa ameridhia kwa mkazo. Mambo makubwa ya nchi yote yalipita kwa njia hiyo. Barabara, mabwawa, hata wimbo wa taifa.

Basi wananchi walipofika wizarani na kuyakuta makoti, Mzee Pazi, aliyeachiwa muhuri, alifuata sheria tu. Mtu anasimama mbele ya koti la Mbaruku, anaeleza shida yake. Mzee Pazi anauliza, "Ofisa, una pingamizi?" Koti kimya. Pa! Muhuri. Mtu anaondoka na kibali chake, haamini, anageuka mara mbili mlangoni kuliaga koti.

Sifa zikaenea. Watu walisema makoti hayafoki. Hayaulizi umetumwa na nani. Hayasemi njoo kesho. Hayaombi kitu kidogo wala kikubwa. Mama mmoja aliyesubiri kibali cha kisima tangu akiwa mwali alikipata siku hiyo hiyo, akarudi na kitambaa akalifuta koti vumbi mabegani. Na Mzee Pazi, Mungu ampe heri, jua lilipoingia dirishani alikuwa akikigeuza kiti kidogo ili koti lisichujuke. Hakuna aliyemwagiza.

Katibu Mkuu alipopitia mwenendo wa watumishi aliona maajabu. Koti la Mbaruku halikuchelewa hata siku moja, halikuugua, halikwenda msibani. Alikuwa mtu wa haki, akafanya alichotakiwa. Kwa sherehe na keki, koti likapandishwa cheo kuwa Mkurugenzi.

Habari zilitufikia kwa redio. Mbaruku alikuwa amekingoja cheo hicho tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Akakaa kwenye benchi, zamu hii kama mwombaji.

"Koti langu," alisema. "Nililinunua mimi mwenyewe."

"Usivunjike moyo, Baba Tausi," Kidawa akamwambia, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Limekuvumilia miaka mingi mgongoni. Ningejua mapema ningeolewa nalo."

"Cheka tu, mke wangu. Sasa mimi ni mdogo wa koti."

"Baba," Tausi akasema kutoka mkekani, "twende kisima, paa, ngoma?"

Akanyanyuka, wakaenda. Wakati huo Tausi alikwisha kuweza kusimama akishika ukingo wa benchi, na kupiga hatua akishikwa mikono badala ya kiuno. Mama wa mazoezi alipomwona alipiga kigelegele katikati ya hospitali. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sasa ndipo msiache. Mkiacha hapa, tutaanza upya, na sijui kama tutafika tena."

Wiki ile ile Mheshimiwa Mlezi wa Taifa aliamua kuitembelea Wizara ya Subira kuona matunda ya hekima yake. Alifika na waandishi wa habari, akaingia ukumbini, akatabasamu, akangoja.

Hakuna aliyesimama.

Makoti yalikuwa yamekaa kila moja kwenye kiti chake. Mheshimiwa akakohoa. Makoti yakaendelea kukaa. Waliokuwepo wanasema uso wake ulibadilika, akawa kama mtoto aliyesahauliwa kwenye ugawaji wa maandazi, na mimi nilipohadithiwa nilimhurumia.

Jioni alihutubia taifa. "Ndugu wananchi! Maendeleo gani haya yasiyo na adabu? Kuanzia kesho kila ofisa arudi ofisini, asimame kwa miguu yake! Atakayekutwa nyumbani, nyumbani kutakuwa kwake daima!"

Tukapiga makofi, lakini polepole. Tausi hakupiga. Aliuliza, "Na mimi nani atanishika?"

Kidawa alisema atafunga kibanda. Mbaruku akasema ukifunga kibanda tutakula picha ya Mheshimiwa. Mimi nikasema nitajaribu mgongo wangu. Wote wawili wakanitazama kwa upendo.

Asubuhi nilimfuata mwanangu wizarani. Sikuwa na shughuli, nilibeba chapati tu, maana sipendi kwenda kwenye ofisi ya watu mikono mitupu. Tulimkuta Katibu Mkuu mlangoni, akiwafundisha maofisa kusimama upesi.

Mbaruku akamweleza: mtoto, miguu, maneno ya mama wa mazoezi. Akaomba aruhusiwe kufanyia kazi nyumbani mpaka Tausi atembee.

Katibu Mkuu akavuta pumzi. "Bwana Mbaruku, mimi sisikilizi maombi ya maofisa wa chini moja kwa moja. Kuna ngazi. Pitia kwa mkuu wako."

"Mkuu wangu ni nani, mzee?"

"Humjui mkuu wako? Ni Mkurugenzi!"

Tukaingia ofisi ya Mkurugenzi. Koti lilikuwa kwenye kiti kikubwa cha kuzunguka, limepigwa pasi, na utepe wa cheo kifuani. Nililitambua. Kifungo cha pili nilikishona mimi kwa uzi wa kijani siku uzi mweusi uliponiishia. Mbaruku akasimama mbele ya koti lake, mikono nyuma. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alieleza shida yake yote, taratibu, kama walivyoeleza wale wananchi wote wa miaka yote.

Mzee Pazi akaushika muhuri. "Mheshimiwa Mkurugenzi, una pingamizi?"

Chumba kizima tukaliangalia koti. Sijawahi kuomba kimya kama nilivyokiomba pale.

Pa!

Katibu Mkuu aliusikia muhuri, akaja mbio. "Nini hiki? Mheshimiwa ameagiza watu warudi! Koti haliwezi kumruhusu mtu!"

"Ulilipandisha cheo wewe mwenyewe, mzee," Mzee Pazi akasema.

"Lakini halikusema lolote! Limekaa kimya tu! Tangu lini kimya cha mkubwa kikawa..."

Akaishia hapo. Macho yake yalikuwa yamefika ukutani, kwenye picha ya Mheshimiwa Mlezi wa Taifa. Nadhani aliziona zile barabara, yale mabwawa, na ule wimbo wa taifa. Jasho likamtoka.

Nikamwambia, "Baba, muulize basi yeye mwenyewe, tusije tukamkosea." Nilisema kwa nia njema kabisa.

Katibu Mkuu akaitazama picha muda mrefu. Picha nayo ikanyamaza.

"Ameridhia," akasema kwa sauti ndogo. Akakaa. Nikampa chapati. Alikula yote, kisha akaniuliza, bila kuniangalia, "Mtoto anaitwa nani, Bibi?"

"Tausi."

"Mimi nina wa kwangu wanne. Mkubwa nasikia amekuwa mrefu."

Tulipokuwa tunatoka, tulipita mbele ya ofisi yake. Mlango ulikuwa wazi. Koti lake lilikuwa kwenye kiti, likitazama mlango, na yeye mwenyewe nilimwona kwa dirisha akivuka uwanja haraka haraka, kuelekea upande wa nyumba za watumishi.

Mvua zikaja, zikapita. Kisima, paa, ngoma. Mikono miwili ikawa mkono mmoja, mkono mmoja ukawa kidole. Lakini kile kidole Tausi hakukubali kukiachia. Ukikivuta anakaa chini. Mbaruku hakumlazimisha.

Siku moja Mzee Pazi alikuja kwetu amelibeba koti kwa mikono miwili, kama unavyobeba mtoto aliyelala. "Bibi, shikamoo. Mkurugenzi ukosi umechafuka, amepewa likizo ya kufuliwa."

Nililifua kwa maji ya uvuguvugu. Nilikiondoa kile kifungo cha uzi wa kijani nikakishona kwa mweusi, kisha nikaona siyo lenyewe, nikarudisha wa kijani. Nikalianika. Lilipokauka, Mbaruku akaingia nalo chumbani ili alijaribu, maana tumbo lilikuwa limebadilisha mambo. Likamkaa, kwa kubana kidogo. Akatoka nalo sebuleni.

Tausi alikuwa kwenye benchi. Alikuwa hajawahi kumwona Mkurugenzi, ila alikuwa amesikia habari zake zote, pamoja na hasira za Mheshimiwa na watu kufundishwa kusimama. Alimwona mkubwa ameingia. Akaweka mikono yake miwili juu ya magoti, wala hakushika benchi wala ukuta wala kidole cha mtu, akasimama.

Wizara nzima ilikuwa imefundishwa kusimama vile, na haikuweza.

Kidawa alikuwa mlangoni na furushi la vitenge kichwani. Hakulitua. Mimi nilikuwa na sindano bado mkononi.

"Baba," Tausi akasema, "nije mwenyewe?"

Mwanangu alifungua mdomo ajibu, na sauti haikutoka. Alisimama ndani ya koti lake, machozi yakimshuka, akanyamaza.

Na katika nchi ile, mkubwa akinyamaza, amekubali. Tausi akaja.